Je, Wajua? Mjusi wa Tendaguru, Kimondo cha Mbozi na Mtoto wa Panga ya Saidi

Je, wajua kwamba jina "Olduvai" ni kosa la sikio? Wamaasai huliita korongo lile Oldupai, jina la mkonge pori unaoota kingoni mwake, ule ambao nyuzi zake husokotwa kamba. Mwaka 1911 alipita pale Wilhelm Kattwinkel, daktari wa Kijerumani aliyekuwa akichunguza ugonjwa wa malale. Aliuliza mahali pale panaitwaje, akasikia "v" palipokuwa na "p", akaandika hivyo. Vitabu vya dunia nzima vimelinakili kosa hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Hapa nitaandika Oldupai, na namwomba msomaji ayashike majina njiani, maana mara nyingi mfupa umebaki na jina la aliyeuchimba limepotea.

Fuvu lililolipa Oldupai sifa lilionekana asubuhi ya Julai 17, 1959. Louis Leakey alikuwa kalala kambini na homa. Mkewe, Mary, akatoka na mbwa wake, na kwenye mteremko akaona kipande cha mfupa na meno mapana yakichungulia udongoni. Louis akalipa fuvu jina Zinjanthropus boisei. Zinj ni jina ambalo Waarabu wa zamani waliiitia pwani yetu, na ndilo lililojificha ndani ya neno Zanzibar. Boisei ni heshima kwa Charles Boise, tajiri aliyetoa fedha za kuchimba. Jina la Mary, aliyeliona, halimo.

Umri wake je? Louis alikisia miaka laki sita na ushei. Majivu ya volkeno ya tabaka lile yalipopimwa kwa njia ya potasiamu na argoni, jibu lililochapishwa mwaka 1961 lilikuwa miaka milioni 1.75. Magego ya Zinj yalikuwa makubwa kiasi kwamba alipewa lakabu ya Mvunja Njugu. Fuvu lenyewe ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Je, wajua kwamba nyayo mashuhuri za Laetoli zilianza kuonekana kwa sababu ya mchezo? Laetoli iko kusini ya Oldupai, mwendo wa kilomita 45 hivi. Mwaka 1976 mtaalamu Andrew Hill na wenzake walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kupoteza jioni. Hill akaanguka katika kukwepa, na uso wake ulipokaribia ardhi akaona vidoa vidogo vya duara kwenye jiwe. Vilikuwa alama za matone ya mvua. Kando yake zilikuwapo kwato na nyayo za wanyama, zimegandishwa kama mtu anavyoandika jina kwenye saruji mbichi.

Mambo yalikwenda hivi. Volkeno ilirusha majivu laini. Manyunyu yakayalowesha. Wanyama wakapita, na kiumbe wa ukoo wetu naye akapita, kisha jua likakausha na majivu mapya yakafunika kila kitu. Hiyo ilikuwa miaka milioni 3.66 iliyopita. Mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kikaona alama ya kisigino, kisha ya pili, hadi njia nzima ya mita 27 hivi yenye nyayo zipatazo 70. Ukizitazama kwenye nakala ya plasta unaona kisigino kilivyozama, upinde wa wayo ulivyoinuka, na dole gumba likielekea mbele, sawa na lako ukitembea kwenye mchanga wa ufukweni. Katika sehemu moja watembeaji walikuwa watatu, na mmoja alikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake. Ndiyo maana ilichukua muda kuwahesabu.

Leo huwezi kuziona mahali pake. Zilifukiwa mara ya kwanza ili zilindwe, lakini miti ya migunga ikaota juu yake na mizizi ikaanza kutafuta njia chini. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na wenzao wa Taasisi ya Uhifadhi ya Getty walizifukua, wakaondoa mizizi, wakazifukia tena kwa tabaka za mchanga, vitambaa maalumu na mawe. Wengine hulalamika kwamba hazina imefichwa. Mimi naona walifanya jambo la busara. Jivu lililodumu kwa sababu ya kufunikwa lisingestahimili viatu vyetu na mvua za masika.

Mwaka 2015 wataalamu wa Tanzania, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki miongoni mwao, walikuwa wakikagua eneo lililokusudiwa kujengwa makumbusho, mita 150 tu kutoka nyayo za kwanza. Wakakuta nyayo nyingine. Kutokana na ukubwa wake na urefu wa hatua, mmoja wa waliopita alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165. Kisha nyayo nyingine tano zilizoonekana tangu 1976, ambazo kwa miaka mingi zilidhaniwa huenda ni za dubu, zikachunguzwa upya, na mwaka 2021 watafiti wakatangaza kwamba ni za kiumbe wa ukoo wetu mwenye mguu wa umbo tofauti. Kwa hiyo kwenye jivu lile lile walipita watembeaji wa aina mbili.

Za watu kama sisi ziko Engare Sero, karibu na Ziwa Natron. Nyayo zaidi ya 400 kwenye tope la volkeno lililoganda, za kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Mwenyeji wa Kimaasai ndiye aliyeziona kabla ya watafiti. Kuna kundi moja la watu 17 waliokwenda pamoja upande mmoja, na vipimo vinaonyesha kuwa 14 kati yao huenda walikuwa wanawake. Mtu yeyote aliyekulia kijijini ameshaiona picha hiyo: kina mama wakitoka kuchuma au kuchimba mizizi, na mwanamume mmoja au wawili pamoja nao.

Mlima unaotazama nyayo hizo ni Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Ni volkeno hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya magadi. Naam, magadi, ya ukoo mmoja na yale wanayotia kina mama kwenye maharage yalainike haraka. Lava ya kawaida huzidi nyuzijoto elfu moja. Hii hutoka ikiwa na mia tano na kitu, nyeusi na nyepesi, ikitiririka kama mafuta machafu ya gari. Mchana usingejua kuwa ni moto. Ikishikwa na unyevu hugeuka nyeupe, na kilele huonekana kama kimepakwa chokaa.

Volkeno hiyo hiyo inatajwa kuwa ndiyo iliyouzaa mchanga unaohama, tuta jeusi la umbo la mwezi mwandamo karibu na Oldupai, kimo cha mita tisa na urefu wa mita mia moja hivi. Kila mwaka husogea mita kumi na kitu kuelekea magharibi, na nyuma yake vimesimikwa vibao vya tarehe vinavyoonyesha lilikuwa wapi. Kwa nini upepo haulitawanyi? Chota konzi moja uirushe juu. Chembe zina chuma na zina sumaku. Zinavutana na kurudi kwenye tuta.

Bonde la Ngorongoro lilikuwa mlima. Volkeno ilijimwaga, kilele kikakosa wa kukishika, kikaporomoka ndani. Kimebaki kikapu cha kilomita za mraba 260, kina cha mita 600.

Twende Songwe. Je, wajua kwamba kimondo cha Mbozi hakina shimo? Chuma chenye urefu wa mita tatu, kinachokadiriwa kuwa na uzito wa kilo zisizopungua 12,000, kilianguka kutoka angani, na ungetarajia bonde la kuzama nyumba. Hakuna. Dhana mojawapo ni kwamba kilibingiria mteremkoni kabla ya kutulia, na muda mrefu umefuta alama yake. Wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani. Vitabu vinasema "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpimaji ardhi, W. H. Nott; mimi ningependa kuandika kwamba mwaka huo ndipo habari zake zilipofika serikalini. Asilimia 90 hivi ni chuma, sehemu kubwa iliyobaki ni nikeli. Ukikizunguka utaona makovu ya msumeno, pale watu walipojaribu kukata kipande kwa jasho la saa nyingi na kuambulia kidogo. Kilikuwa kimezama ardhini. Udongo ukachimbwa pande zote, na ule wa chini yake ukaachwa kama nguzo na kujengewa saruji. Ndiyo maana leo kinaonekana kimekalia kigoda.

Isimila, nje kidogo ya Iringa, inajulikana kwa nguzo za udongo mwekundu zilizochongwa na mvua. Wengi hupiga picha nguzo wakaondoka. Lakini hazina iko miguuni: shoka za mawe za Zama za Mawe za Kale, nyingine kubwa hata mtu mzima huzishika kwa mikono miwili. Aliyeziokota kwanza na kuzipeleka kwa wataalamu, mwaka 1951, alikuwa mwanafunzi wa shule.

Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, inasifiwa kwa maporomoko yake marefu. Mwaka 2023 ilitangazwa habari ambayo binafsi naiona kubwa kuliko maporomoko: magogo mawili yaliyochongwa na kupandanishwa, moja likiwa na mkato wa kulikalisha jingine, umri wake miaka 476,000 angalau. Mti haudumu hivyo, ila ule ulilala kwenye udongo uliolowa maji muda wote, pasipo hewa ya kuuozesha. Binadamu wa aina yetu hakuwa amezaliwa bado. Seremala alikuwepo.

Mto Kalambo unaishia Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470. Uso wa ziwa uko mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukipiga hesabu, kitanda chake kiko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Wavuvi wa Kigoma wanavua migebuka na dagaa juu ya ufa wa dunia.

Kondoa: mapango na miamba yenye michoro zaidi ya 150, kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006. Michoro myekundu ni ya wawindaji wa kale, twiga, pofu na watu wembamba wenye nywele zilizotunzwa. Myeupe ilikuja baadaye, na mara nyingi imepakwa juu ya ile myekundu bila kuomba radhi. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili mchoro mmoja baada ya mwingine kwa mkono. Kinachonigusa zaidi ni kwamba baadhi ya mapango bado yana kazi: wenyeji huenda kutambika, kuomba mvua na uzima. Mahali hapo hapajawa makumbusho kwa wote.

Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kuna mashamba ya mawe ya karne ya 15 hadi ya 18. Kilomita za mraba 20 hivi za matuta na mifereji, vyote vimepangwa kwa mawe pasipo tone la chokaa, maji yakiteremshwa kutoka mito ya ukingoni hadi kwenye shamba la mwisho. Wakulima wale waliondoka na hawakuacha jina.

Thimlich Ohinga huko Migori, Kenya, ni mtindo huo huo wa jiwe kukalia jiwe, ila hapa ni maboma. Kuta zinafika mita nne, zimesimama tangu karne ya 16 hivi, na miaka mingi zilikaliwa na jamii moja baada ya nyingine, kila moja ikizikarabati ilipohamia. Nafasi kati ya mawe makubwa imeshindiliwa vijiwe kama mwashi anavyofanya hadi leo.

Je, wajua kwamba Wahaya wa Kagera walifua chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua, yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita? Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt aliwaomba wazee wajenge tena tanuri la zamani. Vyuma vya madukani vilikuwa vimeiua kazi hiyo kitambo, lakini wazee waliikumbuka. Walichimba shimo, wakachoma ndani yake majani ya bwawani, wakapandisha ukuta wa udongo wa kichuguu, wakaingiza mirija ya mivuo ndani kabisa ya moto. Siri ilikuwa hapo kwenye mirija: hewa ilipata joto kabla haijafika kwenye makaa. Matanuri mengi ya kale duniani yalipuliziwa hewa ya baridi.

Sasa mjusi. Tendaguru ni kilima mkoani Lindi, na Watanzania wanapobishana kuhusu "mjusi wetu aliyeko Berlin" wanamaanisha Giraffatitan brancai, dinosaria aliyeishi hapo yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mifupa yake imesimamishwa katika makumbusho ya elimu ya viumbe ya Berlin, kimo mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa duniani kinachokipita kwa kimo. Ghorofa ya nne ingemfikia kidevuni.

Hadithi yake huanzwa mwaka 1906, injinia wa Kijerumani alipojikwaa na mfupa mkubwa. Ulikuwa mwaka wa Majimaji. Eneo lile lile lilikuwa likiungua kwa vita na baadaye kwa njaa. Mwaka 1909 Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig walifika na msafara wa uchimbaji, na watu waliopata ujira pale walikuwa wametoka kwenye maafa hayo. Wakati kazi ilipopamba moto vibarua walifika mamia, wengine na wake zao na watoto, hata kilimani pakawa kijiji. Hadi 1913 walikuwa wametoa tani 250 hivi za mawe na mifupa.

Mfupa wa paja wa mnyama yule unamzidi mtu kimo. Ulipasuliwa vipande, ukapakwa udongo na plasta, ukafungwa kwa mianzi, kisha ukawekwa begani au kichwani. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Wapagazi walitembea siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, wakashusha, wakageuka kufuata mzigo mwingine. Maelfu ya mizigo ilikwenda hivyo. Ukisimama Berlin chini ya shingo ile ndefu, unatazama pia jumla ya shingo za watu wa Lindi.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyejua udongo gani una mfupa na mfupa gani ukiguswa unasambaratika, na Wajerumani wenyewe waliandika kumtegemea. Aliendelea kuwa mwenye kazi hata Waingereza walipokuja kuchimba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alipoipa jina spishi mpya kutokana na mifupa ya Tendaguru, aliiita Australodocus bohetii. Karibu miaka mia moja ilipita. Majina ya wapagazi wengi hayajulikani.

Tukiwa kusini, Kilwa. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na akausifu mji. Aliyetawala alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwenye kasri la Husuni Kubwa kwenye jabali juu ya bahari, vyumba zaidi ya mia moja, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Simama ukingoni mwa bwawa hilo leo, halipo tone la maji, lakini pembe zimenyooka kama zimekatwa jana.

Msikiti Mkuu wa Kilwa na nyumba za mawe za pwani nzima ni kazi ya matumbawe. Yaliyotumika kwa mihrabu na nakshi yalikatwa baharini yakiwa mabichi, laini kiasi cha kuchongwa kwa patasi. Yakitolewa juani yanakauka na kuwa magumu. Sogeza uso karibu na ukuta uone vijitundu vya nyota nyota, kila kimoja kilikuwa nyumba ya mdudu wa bahari. Matumbawe hayo hayo yaliyochomwa ndiyo yalitoa chokaa. Na kwa nini vyumba vya kale vya Waswahili ni virefu na vyembamba? Boriti. Mkoko hauvuki nafasi ya mita tatu hivi ukabeba dari ya mawe, basi fundi alijenga kwa kadiri ya mti wake.

Kilwa ilifua sarafu zake za shaba, na maandishi ya upande wa mbele na wa nyuma yana vina. Soma jina la mfalme, geuza, usome dua inayomalizikia kwa sauti ile ile. Ushairi mfukoni mwa mchuuzi! Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu, nchi ya dhahabu iliyoitajirisha Kilwa, na hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni hili: mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Alizitia kwenye kopo zikakaa miaka. Zilipopelekwa kwa wataalamu mwaka 1979, tano zilikuwa za Kilwa. Aliyezifikisha huko ni nani, mpaka leo hakuna aliyethibitisha.

Kwa haraka, pwani hiyo hiyo. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Malindi ilimpeleka twiga kwa mfalme wa China mwaka 1415. Rhapta, bandari iliyotajwa na baharia wa Kigiriki miaka 2,000 iliyopita na kupewa jina kwa sababu ya mitumbwi yake ya kushonwa kwa kamba, bado inatafutwa.

Gede, karibu na Malindi, Wareno hawakuitaja ingawa walikaa jirani. Msitu ulikuwa umeimeza James Kirkman alipoanza kuichimba mwaka 1948. Akakuta majumba, visima, vyoo vilivyojengwa vizuri na kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, sawa na 1399. Nyumba alizipa majina ya vitu alivyookota ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Mwaka 2024 Gede iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Upande wa Kongo, Ishango, mahali Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin alipata kipande cha mfupa cha urefu wa kidole kirefu, sentimita kumi, kina kijiwe cheupe kimepachikwa nchani na mistari mifupi imechanjwa kwa safu tatu. Umri, miaka 20,000 hivi. Hesabu safu moja: 11, 13, 17, 19. Ndizo namba tasa zote zilizopo kati ya kumi na ishirini. Jumla yake 60. Safu ya pili nayo jumla yake 60, ya tatu 48. Huenda ilikuwa hesabu ya mwezi, huenda mchezo wa namba, huenda mishiko ya mkono tu. Mfupa uko Brussels.

Na je, wajua kwamba wataalamu wa volkeno duniani wanatumia neno letu? Mazuku. Ni Kiswahili cha Goma, upepo mbaya unaoua usiku. Ni gesi ya kaboni dioksaidi inayovuja kutoka ardhini karibu na Nyiragongo. Nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni bila rangi. Mtu mzima husimama salama na mbuzi akaanguka miguuni pake, mtoto vilevile. Watu wa Goma walilijua jambo hilo na kulipa jina, na majarida ya sayansi yakalichukua jina kama lilivyo. Lava ya mlima huo nayo haina subira: mwaka 1977 ilishuka kwa kasi iliyokadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa, mwaka 2002 ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na Mei 2021 ikashuka tena.

Twende Turkana, Kenya. Lomekwi kuna zana za mawe za miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zote zinazojulikana. Watafiti walizifikia mwaka 2011 baada ya kupotea njia. Lothagam kuna makaburi ya wafugaji wa miaka 5,000 iliyopita, watu wasiopungua 580, wakubwa kwa wachanga, na karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake.

Na Nariokotome, Agosti 1984, Kamoya Kimeu alikuwa kwenye siku yake ya mapumziko. Alianza kazi kwa akina Leakey mwaka 1960 kama mchimbaji wa kawaida. Alitembea kidogo kando ya mto mkavu, akaona kipande cha fuvu kisichozidi kiberiti, rangi moja na kokoto zilizokizunguka. Wangapi wangeruka? Kipande hicho ndicho kilichowaongoza kwa Mvulana wa Turkana, mifupa ya kijana wa miaka milioni 1.5 na ushei, kamili kuliko yoyote ya aina yake. Nyani wa kale wawili wana jina la Kimeu katika vitabu vya sayansi.

Panga ya Saidi ni pango huko Kilifi. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba ndani yake limepatikana kaburi kongwe kuliko yote yanayojulikana Afrika, miaka 78,000. Mifupa ilikuwa imechakaa hata ikiguswa inageuka unga. Watafiti hawakuthubutu kuitoa mmoja mmoja; walikata bonge zima la udongo, wakalifunga plasta, wakalibeba hadi Nairobi na kisha Hispania, ndiko lilikofunguliwa taratibu. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa hadi kifuani, na namna mifupa ya bega ilivyobanwa inaonyesha alikuwa amefungwa kwenye kitu, jani au ngozi. Kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna inayoonyesha kiliwekwa juu ya mto, ambao umeoza. Watafiti hao, kutoka mataifa mengi, walitafuta jina la kumwita, wakamwita kwa Kiswahili: Mtoto.